Kubaki Kitini: Uhalisia Pepe na Tiba ya Hofu ya Kupanda Ndege

Mabibi na mabwana, wanasaikolojia na washauri wenzangu, wanafunzi, na zaidi ya wote ninyi mliokuja kwa sababu hofu hii mnaishi nayo: asanteni kwa kunikaribisha.

Nimeombwa nizungumzie miwani ya uhalisia pepe, yaani miwani inayomwonyesha mvaaji dunia iliyochorwa kwa kompyuta, na jinsi inavyotumika kutibu hofu ya kupanda ndege. Nitaizungumzia, ila naomba tumwone mtu kwanza, kifaa baadaye. Yupo mtu ambaye kazini walimlipia tiketi akaiacha ipotee. Yupo anayesafiri siku mbili barabarani kwenda mahali ambapo ndege ingemfikisha kwa saa moja, na akiulizwa anasema alitaka kuiona nchi. Yupo aliyekataa cheo kwa sababu cheo kilikuja na safari. Yupo ambaye hakumzika mzazi wake. Wengi wao hawajamwambia mtu yeyote. Wametunga visingizio miaka nenda miaka rudi, na kuvitunga huko kumewachosha kuliko safari yoyote.

Wapenzi wa soka wanamkumbuka Dennis Bergkamp, Mholanzi aliyeichezea Arsenal kuanzia mwaka 1995 hadi 2006. Mabeki wa Ulaya nzima walimhofia, lakini yeye hakupanda ndege. Timu ilipokwenda kucheza ugenini barani Ulaya, alisafiri kwa njia ya nchi kavu pale ilipowezekana, na isipowezekana alibaki. Namtaja kwa heshima. Bado tuna watu, hata miongoni mwetu wataalamu, wanaodhani kwamba hofu hii ni ugonjwa wa watu legelege, na kwamba mtu akijikaza kiume ataishinda. Mtu anayesimama mbele ya maelfu ya watu kila wiki na kupiga mpira kwa utulivu ule hakukosa ujasiri. Ujasiri haukuwa na uhusiano na jambo hilo.

Hofu yenyewe tuiheshimu pia. Wahenga walisema kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake, na sisi tulio hai leo ni wajukuu wa watu walioogopa kwa wakati. Taabu inaanza pale hofu inapomkimbiza mtu kutoka mahali salama kwenda mahali pa hatari. Baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, Wamarekani wengi waliziacha ndege wakaingia barabarani na magari yao. Mwanasaikolojia wa Kijerumani Gerd Gigerenzer alichunguza takwimu za ajali, akakadiria kwamba katika miezi 12 iliyofuata watu wapatao 1,500 zaidi ya kawaida walikufa barabarani. Hawa hawakuhesabiwa popote kama wahanga wa hofu. Mimi nawahesabu.

Sasa, tukisema "hofu ya ndege" tunazungumza kana kwamba ni kitu kimoja, na sivyo. Keti na watu watano wenye hofu hii, uwaulize taratibu wanaogopa nini hasa. Mmoja atasema ndege itaanguka. Wa pili hana shaka na ndege hata chembe. Anachoogopa ni kwamba mlango ukishafungwa hawezi kutoka. Wa tatu ni urefu. Wa nne hawezi kustahimili kwamba maisha yake yamo mikononi mwa rubani asiyemwona na asiyeweza kumuuliza kitu. Wa tano anauogopa mwili wake mwenyewe: kwamba moyo utaenda mbio, pumzi itakata, atapiga kelele mbele ya abiria, ataaibika, au atakufa angani kwa moyo kusimama. Mshauri asiyeuliza swali hili atamvalisha kila mtu miwani ileile na kumwonyesha mawingu yaleyale, kisha atashangaa kwa nini yule wa pili hakupata nafuu. Mawingu hayakumsumbua tangu mwanzo. Kwake yeye cha kurudiarudia ni ule mlango: mlio wake unapofungwa, abiria waliosimama kwenye ujia wakimzibia njia, na ile dakika ndege imesimama tu na hakuna anayesema kwa nini.

Mizizi ya hofu hii mara nyingi haitokani na ajali. Wengi wao hawajawahi hata kuiona ajali ya ndege. Walipata safari moja mbaya yenye mtikisiko, au walishikwa na mshtuko wa hofu wakiwa hewani katika kipindi ambacho maisha yalikuwa yamewabana tayari: talaka, msiba, mtoto mchanga nyumbani. Baada ya hapo hofu ikajishikiza kwa chochote kilichokuwapo. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na unyasi wa ndege ni mwingi: harufu ya ndani, mlio wa taa ya mkanda, injini inapobadilisha sauti baada ya kupaa.

Kinachoifanya idumu ni kukwepa. Mtu anafika uwanjani, anakaribia kaunta, anageuka. Papo hapo anapata nafuu kubwa, mabega yanashuka, pumzi inarudi. Mwili unajifunza somo: nimepona kwa sababu nimekimbia. Safari nyingine inapotajwa, hofu inakuja mapema zaidi na kwa nguvu zaidi, maana mara iliyopita ilitiiwa. Nawaomba wanafunzi waliopo walishike hili kuliko kitu kingine chochote nitakachosema leo. Hofu inalishwa na nafuu ya kukimbia. Tiba yoyote tutakayoibuni, iwe na kompyuta au isiwe nayo, lazima ifanye kazi hapo, la sivyo inacheza pembeni.

Jambo hili lilijulikana zamani. Mwaka 1924 Mary Cover Jones, mwanasaikolojia wa Marekani, alieleza jinsi alivyomsaidia mtoto mdogo aliyeitwa Peter, aliyekuwa akimwogopa sungura. Sungura alisogezwa kidogo kidogo huku mtoto akila chakula anachokipenda, hadi siku Peter akamshika mwenyewe. Mwaka 1958 daktari Joseph Wolpe, mzaliwa wa Afrika Kusini, akachapisha utaratibu kamili: mtu apange mambo anayoyaogopa kutoka jepesi hadi zito, kisha ayapande hatua kwa hatua. Kile kipimo cha hofu tunachokitumia hadi leo, cha kuanzia 0 hadi 100, kinatoka kwake.

Kwa sungura utaratibu huo ni rahisi. Kwa buibui pia. Lakini ndege? Huwezi kumsogezea mtu ndege chumbani. Huwezi kumwambia rubani apae, asimame, arudi, apae tena kwa sababu abiria wa kiti cha dirishani bado yuko kwenye 80. Tiketi moja inakupa kupaa mara moja na kutua mara moja. Mtikisiko wa hewa hauji kwa miadi. Na mtu akishaingia, hakuna kuteremka katikati, kwa hiyo hatua ya kwanza ya ngazi ina ukubwa uleule wa hatua ya mwisho. Wataalamu walijaribu njia za kuzunguka tatizo hili. Walimpeleka mgonjwa uwanja wa ndege, wakaketi naye ndani ya ndege iliyoegeshwa, wakamwambia afumbe macho na kuwaza kwamba inapaa. Ilisaidia, na bado inasaidia. Lakini inahitaji ruhusa ya uwanja, ndege isiyo na kazi, muda wa mtaalamu siku nzima, na mgonjwa mwenye uwezo wa kuwaza picha zilizo wazi. Wengine wakifumba macho hawaoni kitu. Wengine wanaona kupita kiasi, na picha yao inakimbilia moja kwa moja kwenye ajali.

Hapa ndipo miwani inapoingia.

Chombo cha kuvaa kichwani kinachobadilisha picha kadiri unavyogeuza shingo si cha jana. Ivan Sutherland alitengeneza kimoja mwaka 1968, na kilikuwa kizito kiasi kwamba kilining'inizwa kutoka darini. Miaka ya 1990 huko Atlanta, Marekani, mwanasaikolojia Barbara Rothbaum wa Chuo Kikuu cha Emory alikutana na Larry Hodges, mtaalamu wa kompyuta wa Georgia Tech. Walianza na hofu ya urefu: madaraja, roshani, na lifti ya kioo, vyote vikiwa vimechorwa kwa kompyuta. Matokeo yalichapishwa mwaka 1995. Mwaka uliofuata wakaeleza kisa cha mgonjwa mmoja wa hofu ya ndege. Na mwaka 2000 wakatoa jaribio ambalo kila mtu katika fani hii anapaswa kulijua.

Nitalieleza kwa kirefu kidogo, kwa sababu watu wengi hulitaja bila kusema lilionyesha nini. Walichukua watu 49 wenye hofu ya kupanda ndege, wakawagawa kwa bahati nasibu katika makundi matatu. Kundi moja lilitibiwa kwa uhalisia pepe. La pili lilitibiwa kwa njia ya zamani, yaani uwanja halisi na ndege iliyoegeshwa. La tatu lilisubiri zamu. Makundi mawili ya kwanza yalipata vikao 8 ndani ya wiki 6. Na tafadhali sikieni hili: vikao 4 vya mwanzo havikuwa na miwani wala uwanja. Vilikuwa vya kujifunza kupumua, kuyatambua mawazo yanayoitia hofu makali, na kuyahoji. Vinne vilivyobaki ndivyo vilivyokuwa vya kuikabili ndege yenyewe, ya kompyuta kwa kundi moja, ya chuma kwa jingine.

Waliosubiri hawakubadilika. Makundi mawili yaliyotibiwa yalipata nafuu, na nafuu hiyo ilikuwa sawa. Miezi sita baadaye, asilimia 93 ya kila kundi walikuwa wameshapanda ndege ya kweli. Jaribio jingine la timu hiyohiyo, lililochapishwa mwaka 2006, lilikuwa na watu 75 na likafikia mahali palepale.

Mnaona uzito wa neno "sawa"? Muuzaji wa vifaa angependa niseme miwani ilishinda. Haikushinda. Ilifika palipofika ndege halisi, na ilifika bila mtu kutoka chumbani. Kwangu hiyo ni habari kubwa kuliko ushindi, kwa sababu inatuambia kwamba tunaweza kuihamisha tiba kutoka mahali ambapo wagonjwa wengi hawafiki na kuileta mahali wanapofika.

Watafiti walipata kipimo kingine ambacho hakuna aliyekitaka. Septemba 2001 ilikuja baada ya baadhi ya watu hawa kumaliza tiba. Mwaka 2002 watafiti wakawatafuta tena, wakawapata 55. Nafuu yao ilikuwa bado ipo. Dunia nzima ilikuwa imeonyeshwa picha mbaya kuliko ndoto zao zote, lakini walichojifunza hakikufutika.

Swali ninaloulizwa kila mara ni hili: kwa nini kitu cha uongo kiponye hofu ya kweli? Mgonjwa anajua yuko chumbani. Anajua kiti hakiendi popote. Mbona moyo unadunda?

Unadunda kwa sababu sehemu ya ubongo inayopiga king'ora haingoji hukumu ya akili. Inasikia injini zikizidi kunguruma, inaona njia ya kurukia ikianza kukimbia dirishani, inahisi kiti kikitetemeka, na inaanza kazi. Picha za miaka ile ya 1990 zilikuwa duni sana, majengo kama maboksi, abiria hawapo kabisa. Hata hivyo viganja vililowa jasho. Hili lilinishangaza nilipoanza kazi hii, na sasa nadhani naelewa: mwenye hofu hahitaji picha nzuri. Anahitaji dokezo tu. Kilichobaki anakijaza mwenyewe kutoka akiba yake. Andreas Mühlberger na wenzake huko Ujerumani walilinganisha tiba yenye kiti kinachosogea pamoja na ndege na tiba yenye kiti kilichotulia, na utafiti wao wa mwaka 2003 haukuona kwamba msogeo ule uliongeza nafuu. Wale wanaotaka kusubiri mpaka wapate mitambo ya gharama kubwa walifikirie hilo.

Na ule ujuzi kwamba "hii si kweli", ambao watu wanaudhani ni udhaifu wa tiba, ndio unaompa mgonjwa ruhusa ya kubaki. Mtu ambaye hangekubali hata kulikaribia lango la abiria atakubali kuvaa miwani, kwa kuwa anajua anaweza kuivua. Akibaki dakika tatu, nne, saba, kuna jambo linatokea ambalo maneno yangu hayawezi kulifanya. Alitarajia kwamba hofu itapanda bila kikomo hadi azimie au apoteze akili. Inapanda kweli. Halafu inafika mahali inasimama. Halafu, akiwa bado kitini na injini bado zinanguruma, inaanza kushuka yenyewe.

Kisha tunapaa tena.

Hapo ndipo penye thamani yote ya kifaa hiki, kwa maoni yangu. Alasiri moja mtu anaweza kupaa mara kumi. Abiria wa kawaida anaihitaji miaka kadhaa kufikisha idadi hiyo, na kati ya safari na safari hofu inapata muda wa kuota upya. Tuseme mtu wetu anaanza na 85 injini zinapowashwa. Mara ya pili ni 85 tena, tusishangae. Mara ya tatu 70. Mara ya tano anaanza kuniuliza ule mlio wa chini ni wa nini, na hapo najua kuna kitu kimelegea, kwa sababu mtu aliyejaa hofu haulizi maswali ya udadisi. Namwambia ni magurudumu yanakunjwa kuingia tumboni mwa ndege. Tunapaa tena ili ausikie mlio uleule akiwa anaujua.

Hatua zenyewe hupangwa hivi, ingawa kila mtu ana ngazi yake: kuketi kiti cha dirishani injini zikiwa zimezimwa, injini kuwashwa, ndege kutambaa kwenda kwenye njia ya kurukia, kupaa, kuruka katika hewa tulivu, kuruka katika mvua na radi na mtikisiko, kutua. Mtaalamu ameketi pembeni, anaona kwenye kompyuta yake kile mgonjwa anachokiona, anauliza namba kila baada ya dakika chache. Ajali hatuionyeshi. Wapo wanaodhani tungewaonyesha na hiyo ili "waizoee". Hatutafuti mtu aizoee ajali. Tunataka ajifunze kwamba anaweza kukaa na shaka ya kawaida ambayo kila abiria anayo, hata rubani mwenyewe.

Namwomba mtaalamu aliyeketi pale pembeni asiwe mwepesi wa kubembeleza. Najua ni vigumu. Mtu analia mbele yako na ulimi unataka kusema "usijali, utakuwa salama". Ukisema hivyo kila dakika, atajifunza kwamba alipona kwa sababu ulisema. Vivyo hivyo kwa anayeshika mikono ya kiti kwa nguvu zote, anayefumba macho chini ya miwani, anayeimba moyoni ili asisikie injini. Hayo yote ni kukimbia akiwa amekaa. Mwulize tu, kwa upole: "Ungeviachia vidole, unadhani kitatokea nini?" Akiviachia, na ndege isianguke, amejifunza zaidi ya hotuba yangu nzima.

Hapa lazima nizungumzie vidonge, maana vinatumika sana na kwa nia njema. Mwaka 1997 watafiti Frank Wilhelm na Walton Roth waliwachukua wanawake 28 wenye hofu ya ndege wakawasafirisha mara mbili, wiki moja kati ya safari na safari. Katika safari ya kwanza nusu yao walipewa alprazolamu, dawa ya kutuliza wasiwasi, na nusu nyingine kidonge kisicho na dawa. Waliomeza dawa walijisikia vizuri zaidi siku hiyo. Wiki iliyofuata wote walisafiri bila kitu. Katika kundi lililokuwa limetumia dawa, mishtuko ya hofu iliruka kutoka asilimia 7 ya watu hadi asilimia 71. Dawa ilikuwa imewavusha safari ya kwanza, ila iliwanyima somo. Simwambii mtu yeyote aache dawa aliyoandikiwa na daktari wake. Azungumze na daktari huyo. Ninachosema ni kwamba kidonge, na pombe vilevile, haviendi pamoja na tiba hii. Mtu aliyelewa hajifunzi kwamba hofu inashuka yenyewe, kwa sababu siku hiyo haikushuka yenyewe.

Na maarifa kuhusu ndege, je? Yanasaidia kiasi. Kwa yule anayeogopa kwamba bawa litakatika, namweleza kwamba mabawa hutengenezwa yapinde, na kwamba sheria inataka ndege istahimili mara moja na nusu ya mzigo mkubwa kabisa inaotarajiwa kukutana nao katika kazi. Mwaka 1995 Boeing walilivuta bawa la 777 kwa makusudi kwenye mtambo hadi likavunjika. Lilifikia asilimia 154 ya mzigo huo, likiwa limepinda zaidi ya mita saba kwenda juu. Mtu akilisikia hilo anapata cha kushikilia wakati wa mtikisiko. Lakini wengi wa wagonjwa hawa wanajua takwimu za usalama wa anga kuliko sisi. Wamezisoma usiku wa manane wakitafuta usingizi. Takwimu zinakwenda kichwani, na hofu inakaa chini ya kichwa. Kwa hiyo toeni maarifa, mara moja, kwa ufupi, kisha rudini kitini.

Kuna watu ambao miwani haiwafai. Wapo ambao hawasikii chochote. Wanaona mchezo wa kompyuta na namba yao inabaki 10 tangu mwanzo hadi mwisho. Hao turudi nao uwanja halisi. Wapo wanaopata kichefuchefu, kwa sababu macho yanaona mwendo na sikio la ndani halihisi mwendo. Kwao tupunguze muda, na tusichanganye kichefuchefu na hofu. Mwenye kifafa aonane na daktari kabla ya kuvaa chochote. Na yule ambaye msiba wa ndege umemgusa kweli, aliyenusurika au aliyempoteza mtu, anahitaji tiba ya jeraha hilo kwanza, na mtaalamu wa mambo hayo.

Mnaniuliza pia kama mtaalamu bado anahitajika, kwa kuwa miwani sasa inauzwa madukani na programu zinapakuliwa kwenye simu. Kwa hofu ya urefu tuna majibu ya kutia moyo. Mwaka 2018 Daniel Freeman na wenzake wa Oxford walichapisha jaribio la watu 100, ambapo aliyewaongoza alikuwa mshauri wa kompyuta ndani ya miwani, na hofu ilipungua kwa wastani wa asilimia 68. Mwaka 2019 Tara Donker na wenzake huko Uholanzi wakatoa jaribio la watu 193 waliotumia simu zao wenyewe na miwani ya bei nafuu, nyumbani kwao, na nafuu ikaonekana. Nafurahi sana kuyasoma haya, kwa sababu wataalamu ni wachache na wenye hofu ni wengi. Ila urefu na ndege havifanani kila upande. Aliyetibiwa urefu anatoka nje na kukuta roshani siku hiyohiyo. Aliyetibiwa ndege lazima akate tiketi, na kati ya miwani na tiketi ndipo wengi wanapopotelea.

Ndiyo maana nawaomba wenzangu msihesabu kwamba mtu amepona kwa sababu ametulia chumbani. Kabla ya kikao cha mwisho, safari iwe imepangwa: tarehe, saa, kiti. Iwe fupi, na mahali anapokwenda pawe na sababu yake mwenyewe ya kwenda. Iwe mapema, ndani ya wiki chache, wala isingoje likizo ya mwaka. Mwambieni wazi kwamba hofu itakuja uwanjani, na kwamba kuja kwake si dalili kwamba tiba imeshindwa. Ataitambua, ataipa namba, atabaki. Awaambie wahudumu wa ndege anapoingia. Wanalisikia hilo kila siku na wengi wao wana moyo wa kusaidia. Na tiketi ya pili ikatwe kabla hajaipanda ile ya kwanza.

Kwa wale waliokuja leo kwa ajili ya nafsi zao, mkienda kumwona mtaalamu anayetangaza tiba hii, muulizeni mambo haya: atafanya nini kabla ya kunivalisha miwani, nitarudia kupaa mara ngapi, na tutapangaje safari ya kweli. Asiyekuwa na jibu la swali la tatu, endeleeni kutafuta mwingine.

Nimemaliza yangu. Tuna kama nusu saa ya maswali, na miwani miwili iko pale mezani kwa atakayetaka kuketi kiti cha dirishani, injini zikiwa zimezimwa.